Majina Pembeni ya Mistari

Nyanjura,

Begi lako nimelifunga, ile zipu mbovu nimeishona kwa uzi wa nailoni. Mambo ya kula nini na kulala saa ngapi sikuandikii. Una miaka ishirini na mbili. Ukifa njaa Dodoma utakuwa umejitakia. Nakuandikia jambo moja tu, na nalisema hapahapa juu usije ukadhani hii ni barua ya mama anayelia. Hiyo kazi unayoiendea kesho siyo yako. Ni ya Zuhura. Umemwibia, najua ulivyomwibia, na leo asubuhi nimefanya jambo ambalo utanichukia kwalo.

Usichane. Maliza kwanza, halafu uchane.

Sasa hivi ni saa tisa alasiri. Wewe uko Musoma kwa shangazi yako unalishwa sato na kusifiwa, binti wa kwanza wa ukoo kuchukuliwa na kampuni ya kompyuta. Waache wakusifie, hawajui. Mimi niko hapa sebuleni Nyasura, kwenye kiti alichokuwa anakaa Zuhura mkiandika programu yenu. Kina mguu mmoja mfupi. Miezi minane mtoto wa watu amekaa kwenye kiti kinachoyumba na hajawahi kulalamika. Wewe ulikuwaga unakaa kwenye kochi na simu, unasema, "Zuhura jaribu hivi, Zuhura jaribu vile."

Ngoja nikuambie nilivyojua, maana najua swali lako la kwanza ni hilo. Hutaniuliza "Zuhura yukoje?" Utaniuliza "Umejuaje?"

Ulivyorudi kutoka chuo ile siku wale watu wa kampuni ya Dodoma walipokuja kuangalia miradi, uliingia unacheka. Ulinihadithia mwenyewe. Kwamba mradi wenu, ile programu ya kuwakumbusha akina mama tarehe za kliniki, ndio uliowapendeza kuliko yote. Kwamba walisema nafasi ni moja, wanataka aliyeandika programu hasa. Kwamba bwana mmoja wao alifungua edita palepale, ile tunayoandikia programu, akabofya pembeni ya mistari, majina ya walioiandika yakatokea, na kila mstari ukawa na jina lako. Nikakuuliza, "Na Zuhura je?" Ukasema, "Ah mama, yule alinisaidia kuchagua rangi."

Rangi! Mimi nimeandika programu mpaka macho yakaomba miwani, halafu mtoto wangu ananiambia habari ya rangi.

Kesho yake Zuhura akaja kurudisha ufunguo wa mlango wa nyuma. "Shikamoo mama." "Marahaba, karibu ndani." Akasema hapana, baba yake anamngoja, ana nguo za kushona vifungo. Unamjua baba yake, fundi wa pale Kabasa, cherehani moja na watoto sita. Nikamshika mkono nikamwambia niambie. Hakulia. Alisema, "Niliwaambia tulikuwa tunatumia laptopu moja, mama. Wakacheka. Wakamuuliza Nyanjura. Nyanjura akasema rangi." Halafu akaniuliza kuku wanaendeleaje, akaondoka.

Usiku ule sikufanya kitu. Asubuhi ulipotoka kwenda kusuka ndio nikaifungua ile laptopu ya zamani, ile niliyowapa mtumie, uliyoiacha chini ya kitanda baada ya kununua mpya. Nilijua nikitafutacho. Jina lako lilikuwa kila mahali kwa sababu siku ya kwanza ulipoweka edita, ilikuuliza jina na wewe ukaandika lako. Basi. Kila aliyekaa kwenye ile mashine akakomiti, yaani akahifadhi kazi ilipofikia na kuandika maneno mafupi ya kueleza alichofanya, edita iliandika Nyanjura. Zuhura angeweza kubadilisha, ni dakika moja. Hakubadilisha kwa sababu alidhani anafanya kazi na rafiki yake.

Nikapanga historia kwa tarehe. Kuna siku kumi na moja pale ambazo Nyanjura amefanya kazi kama punda, asubuhi, mchana, jioni. Siku kumi na moja hizo, mwanangu, tulikuwa Butiama kumzika bibi yako. Nilikuona kwa macho yangu unasonga ugali na wenzako, unachota maji, unalala chini na wafiwa. Laptopu ilibaki hapa. Aliyebaki hapa akilinda nyumba na kulisha kuku ni Zuhura.

Na maneno pembeni ya kila komiti yalikuwa neno moja tu. "Marekebisho." "Marekebisho." "Marekebisho." Hapo ndipo nilipocheka kwa uchungu. Hakuna mtu anaandikaga hivyo mara ishirini na saba. Nikajua umepita juu yake, umechagua moja baada ya nyingine, umefuta maneno ya mwenzio na kuandika ya kwako. Maneno ulibadilisha, saa na tarehe ukasahau. Na kitu kingine ambacho hukufundishwa, au ulifundishwa ukawa kwenye simu: ukiandika upya historia, ile ya zamani haipotei siku hiyohiyo. Inakaa pembeni kwenye mashine ile ile kwa muda, ikingoja mtu anayejua kuiuliza. Mimi najua kuiuliza.

Nakunakilia alichoandika, kwa sababu wewe ulikifuta.

"Nyanjura pole na msiba. Nimemaliza ukurasa wa tarehe, ukirudi ujaribu."

"Kuku wawili wametaga, mayai nimeweka kabatini. Pia ujumbe sasa hauendi mara mbili."

"Nimekwama. Nyanjura sijui wewe ungefanyaje hapa."

Na saa mbili baadaye: "Imekubali! Nimecheza peke yangu sebuleni kwenu, msimwambie mama."

Uliyasoma haya yote, maana huwezi kubadilisha bila kusoma. Ulisoma "pole na msiba", ukabofya, ukaandika "Marekebisho".

Nilikuchukia, Nyanjura. Nasema wazi kwa sababu sitaki uje usikie kwa watu. Siku mbili nzima nilikuchukia, na chai nikakuchemshia, na ukanywa. Halafu siku ya tatu nikajichukia mimi, maana nilijua jambo hili umelitoa wapi. Hukulitoa kwa baba yako. Marehemu alikuwa mlevi lakini hakuwa mwongo. Umelitoa kwangu.

Ulikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nafanya kazi Musoma, kwenye ofisi ndogo karibu na soko, tukiwatengenezea watu programu. Tulikuwa waandishi wawili, mimi na kijana mmoja wa Butiama, Wambura. Bosi wetu nitamwita Mzee tu. Kompyuta moja iliungua, tukabaki tunapokezana moja. Edita ilikuwa na jina la Wambura kwa sababu yeye ndiye aliyeiweka. Mimi sikujisumbua kubadilisha. Nilikuwaga nasema, "Si tunajuana?"

Tulikuwa na kazi ya wafugaji wa Mugeta: orodha ya ng'ombe, nani amechanjwa ugonjwa wa chambavu, nani bado. Mchanjaji alikuwa anachapa orodha anaenda nayo zizini. Aliyeandikwa bado anachomwa, aliyeandikwa tayari anapitwa. Wambura akagundua tarehe zinakosewa, ng'ombe ambaye chanjo yake imeisha anaonekana bado yuko salama. Akarekebisha kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya pembeni, Alhamisi, akaniambia, "Ukiunganisha yako na yangu angalia vizuri, nimegusa mlemle ulimogusa wewe." Nikasema sawa.

Ijumaa mchana akaondoka kwenda kwao. Saa kumi nikaunganisha. Edita ikafungua lile dirisha unalolijua: kushoto yangu, kulia yake, katikati panapotakiwa patokee kitu kimoja. Migongano kumi na minne, yaani mahali ambapo sote wawili tulikuwa tumegusa. Unatakiwa usome mmoja mmoja. Mimi nilikuwa na sendofu ya kumuaga bibi harusi Bunda saa kumi na mbili, gauni liko kwenye mfuko, gari halijajaa linaningoja. Pale juu kuna kitufe cha kuchukua yangu yote. Nikabonyeza. Kazi ya Wambura ikaondoka kwa kitufe kimoja, na komiti ikaandikwa jina lake.

Nilicheza sana kwenye ile sendofu. Nakumbuka mpaka nyimbo.

Mvua zilipokuja chambavu ikaingia Mugeta. Ng'ombe wanavimba paja asubuhi, jioni wamekufa. Wakafa kwenye maboma matatu, na wote kwenye orodha walikuwa tayari, tayari, tayari. Wazee wakaja ofisini, wanane, na fimbo zao, wakakaa kwenye viti vya plastiki. Wewe hujawahi kumwona mtu aliyepoteza ng'ombe zake akikaa kimya. Omba usimwone.

Mzee akafungua edita ukutani kwa projekta. Akabofya pembeni ya mistari. Mmoja wa wale wazee hakujua kusoma, akauliza, "Hapo pameandikwa nini?" Mzee akamwambia, "Wambura." Akauliza, "Na hapo chini?" "Wambura." "Na pale?" "Wambura."

Wambura akasimama akasema, "Ijumaa saa kumi mimi nilikuwa Butiama." Mzee akamjibu, "Kwa hiyo kompyuta ndiyo inasema uongo?" Watu wakaguna. Wambura akageuka akaniangalia. Hakunyoosha kidole. Aliniangalia tu, muda mrefu. Na mimi, mama yako, nilikuwa naandika muhtasari wa kikao. Niliinamisha kichwa nikaandika, kwa mwandiko mzuri, "Mhusika hakuwa na maelezo."

Ndiyo. Niliandika hivyo.

Baba yake Wambura alilipa. Huku kwetu unajua, kijana akiharibu mzee ndiye anayetoa. Alitoa ng'ombe tisa, wakaswagwa kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mugeta. Wale tisa ndio walikuwa mahari ya Wambura, mchumba alikuwa ameshapatikana, binti mwalimu. Wakwe wakangoja mwaka, wakachoka, wakamwoza kwingine. Wambura akafukuzwa, na habari za kijana aliyeua ng'ombe zikasambaa, hakuna ofisi Musoma wala Bunda iliyomtaka. Akaanza kuchoma tofali. Nafasi yake nikapewa mimi na mshahara ukapanda. Ile shule ya bweni uliyosoma, unayojivunia Kiingereza chake, aliyekulipia ni Wambura.

Miaka kumi na mbili nimejiambia nitasema. Mwaka huu hapana, mtoto yuko kidato cha nne. Mwaka huu hapana, nimehamia Bunda. Unajua mtu anavyojidanganya, wewe sasa ni fundi.

Halafu bibi yako akafa, tukaenda, na nani nimkute kaburini akichimba? Alikuwa mle ndani mpaka kiunoni, shati amevua, mvi zimeanza. Jirani ni jirani, amekuja kuchimba. Nikasogea ukingoni, nikasema, "Wambura, ile Ijumaa ni mimi." Hata hakusimamisha jembe.

"Najua, Vero. Nilijua siku ileile."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja ungekataa, na jina lilikuwa langu. Nilitaka useme mwenyewe. Nilikaa pale nakungoja. Baada ya kikao nikakungoja nje. Nimekungoja karibu miaka miwili, halafu nikawa na shughuli."

Nikaanza kulia, nikamwambia nisamehe. Akafuta jasho. Akasema, "Sogea hapo ulipo, udongo utakuangukia, na watu wanangoja." Basi, akaendelea kuchimba. Hakunisamehe na hakunitukana. Alikuwa na kazi ya kumaliza.

Nilidhani nikishasema nitapata nafuu, watu wanasemaga hivyo. Uongo. Nilisema baada ya miaka kumi na mbili, na hapakuwa na kitu chochote mkononi mwake ambacho maneno yangu yangekirudisha. Ng'ombe wameshazaa Mugeta. Mwalimu ana watoto wanne. Na wiki ileile niliyokuwa nalia ukingoni mwa kaburi, Zuhura alikuwa hapa anakuandikia pole, na wewe ulikuwa hatua ishirini kutoka kwangu umebeba ndoo, hujajua bado utamfanyia nini. Mwizi anajifunza kwa nani kama si nyumbani?

Kwa hiyo leo asubuhi, gari lako lilipoondoka kwenda Musoma, nilichukua laptopu ya zamani nikatembea mpaka Kabasa. Baba yake Zuhura alikuwa anakata suruali. Nikamwambia mbele ya wateja wake, kwa sauti, kwamba binti yangu amemwibia binti yake na mimi nimekuja kurudisha. Aibu niliyoipata pale ni yangu na yako, tugawane. Yule baba akaweka mkasi chini, akaniletea kigoda.

Nikampa Zuhura laptopu, na historia yote ya zamani nimeirudisha mahali pake, mayai na kucheza sebuleni na yote. Halafu nikampigia yule bwana wa Dodoma. Nikamwambia jina langu kamili, kwamba mimi ni mama mzazi wa Nyanjura na kuandika programu ndiyo kazi yangu, na kwamba huyo waliyemchagua amewadanganya. Alidhani ni mzaha. Nikamtumia picha za zile tarehe. Akaniuliza, "Mama, una uhakika unataka kufanya hivi?" Nikamwambia nimechelewa miaka kumi na mbili, asinicheleweshe tena.

Amesema mje wote wawili Jumatatu. Historia itafunguliwa ukutani, na wewe utapita mstari kwa mstari useme huu ni wangu, huu ni wa Zuhura. Atabaki mmoja. Na mimi nimeisoma ile programu yote, Nyanjura, kwa hiyo nakuambia mapema ili usijipe matumaini: mzuri kati yenu ni yeye. Wewe si mjinga, lakini una haraka, na una haraka ileile niliyokuwa nayo mimi na gauni langu kwenye mfuko. Huenda utarudi hapa Jumanne. Chumba chako sijakipangisha.

Unaweza kukataa kupanda basi. Siwezi kukubeba. Ukikataa, Zuhura ataenda peke yake, atafungua historia peke yake, na utakaa hapa Bunda ukijiambia kwamba mwaka huu hapana, mwakani. Najua hiyo njia vizuri sana na sitaki nikukute humo.

Nakupenda. Sijui kama neno hilo litaonekana, nimeliandika mara tatu nikafuta kwa sababu liliniuma kulisoma baada ya hayo yote. Ningekupenda kidogo tu ningekuacha uende, ukale mshahara wa mwenzio, uniletee kitenge Krismasi.

Tiketi ziko mbili, nimezikata leo. Siti zenu ziko pamoja. Ya dirishani nimempa Zuhura kwa sababu hajawahi kusafiri kupita Mwanza. Mpaka Dodoma ni mwendo wa kutwa nzima, na laptopu ataipakata yeye. Hajaniambia kama ana hasira na wewe, na mimi sikumuuliza. Baba yake atamleta stendi mapema, utamkuta ameshakaa. Anza wewe kumsalimia.

Mama yako,
Veronika